Mayai Kumi na Moja Ndani ya Hotpoti

Shemeji yangu Salehe aliendesha basi miaka thelathini na moja, Dar kwenda Moshi na kurudi, bila kumgonga hata mbuzi. Kisha akastaafu, akakaa kwenye kiti cha plastiki uani kwake hapa Same, na kwa kukaa huko tu akaua kuku ishirini na sita. Nasema aliua kwa sababu ndivyo nilivyosema siku ile mbele ya majirani, na sauti yangu si ndogo. Leo nalisimulia jambo hili nikicheka na pumzi inashuka vizuri. Wakati ule haikushuka.

Wale kuku walikuwa wa dada yangu Tausi, mke wa Salehe. Tausi alifariki mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Aliacha mume, mtoto mmoja, Rashidi, ambaye anafanya kazi Dar, na kuku. Asiyetujua atasema kuku ni kuku, wamejaa sokoni. Hawa hapana. Miaka ishirini iliyopita dada alipewa koo mmoja wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na rafiki yake Koleta, mkulima wa tangawizi kule Mamba, milimani. Kwa yule mmoja ndiko walikotoka wote, na Tausi alimjua kila kuku na mama yake na bibi yake. Ungemsikia uani anagomba: "Wewe uroho huo umeurithi, sikushangai."

Kitu kingine alichokuwa akifanya dada, na ambacho hatukuiona thamani yake mpaka alipoondoka, ni chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku. Mdondo ukiingia mtaani haubakizi kitu. Kinga yake ni tone moja tu la jicho, lakini kile kichupa, kidogo kama kidole gumba, kinatosha kuku zaidi ya mia mbili, na kikishafunguliwa hakisubiri kesho. Mwenye kuku kumi atakipeleka wapi? Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu Tausi alikuwa anapita nyumba kwa nyumba: "Kesho msifungulie kuku!" Asubuhi mtaa mzima unamiminika uani kwake na kuku makwapani, bwana mifugo anadondosha matone, watu wanakunywa chai na kupashana habari. Wakishatawanyika, Tausi anachukua kipande cha mkaa na kuandika tarehe kwenye mlango wa jiko, chini ya tarehe iliyotangulia. Mlango ulikuwa umejaa tarehe kutoka juu hadi usawa wa kiuno. Ya mwisho ilikuwa tarehe mbili mwezi wa tatu.

Mwezi wa sita ukafika, ukapita. Kila mtu mtaani alidhani mwenzake atasema. Mimi mwenyewe sina kuku, nina meza ya vitambaa sokoni, na niseme ukweli, sikukumbuka. Lakini Salehe alikuwa na namba ya bwana mifugo kwenye simu, alikuwa na muda wa kumwaga, na mlango ule alikuwa anaufungua kila siku akienda kuchemsha maji. Hakufanya lolote. Alikaa kwenye kiti chake akiangalia malori yanavyopita barabara kuu na kutaja makosa ya madereva.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa akanipigia simu, sauti kama ya mtu aliyepata ajali.

"Shemeji Maua, kuna kuku anaumwa. Yuko chini ya kitanda changu, hatoki. Nikimsogelea ananikoromea kama gari lisilo na oili."

Nilikwenda nikachungulia. Chini ya kitanda kulikuwa na beseni lenye khanga kuukuu za dada, ambazo Salehe hakuwa amethubutu kuzigusa tangu msiba. Kuku hakuwa na msiba. Alikuwa mtetea wa kishingo, rangi ya kunde, amezikalia zile khanga, amejivimbisha, na manyoya ya tumbo ameshaanza kuyang'oa.

"Haumwi huyu," nikamwambia. "Anataka kuatamia. Mpe mayai kumi na moja, mazuri, ya wale kuku alowapenda dada. Kila moja lichore alama ya mkaa, ili mwingine akija kutaga humo usichanganye. Kisha mwache."

"Kwa siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

Jibu hilo nilimpa kama mtu anavyotaja saa, nikaenda zangu sokoni. Sikufikiri kwamba naongea na dereva. Kwa Salehe, gari la saa mbili ni la saa mbili, na la saa mbili na dakika moja limeshakufa. Kuku akampa jina la Abiria, kwa sababu alikuwa amepanda na hashuki.

Siku ya sita mdondo ukaingia. Ulianzia kwa jirani yetu Fadhila: kuku wamesimama juani wamesinzia, kinyesi cha kijani, shingo zinajipinda kama wanaangalia kitu mgongoni. Siku ya tisa uwanja wa dada yangu ulikuwa kimya. Kuku ishirini na sita, jogoo akiwemo. Aliyebaki ni Abiria peke yake, kwa kuwa mlango wa chumba ulikuwa unafungwa na Salehe alikuwa akimpelekea maji na mtama humo humo ndani.

Nilimkuta anafukia shimo la mizoga, kanzu imejaa udongo. Yeye ana miaka sitini na saba, mimi hamsini na nne, na tangu aoe kwetu sijawahi kumpita bila shikamoo. Siku hiyo sikumpa.

"Umewaua kuku wa dada yangu," nilisema. "Tone moja la jicho, Salehe! Simu moja! Miaka ishirini amewalea, wewe miezi mitano tu umewamaliza."

Fadhila alinishika mkono ninyamaze. Salehe hakujibu. Alisawazisha udongo kwa koleo, akanawa, akaenda kukaa. Nilitaka anijibu, nilitaka tugombane mpaka niishiwe nguvu. Kimya chake kiliniudhi zaidi, na nikaondoka nikiwa nimejaa sumu ambayo sikupata pa kuitema.

Kesho yake asubuhi nikakuta nyumba ya Salehe imefungwa. Nilienda kijiweni kwa waendesha bodaboda, nikamkuta Abdulmalik, mtu mzima mwenye ndevu za mvi ambaye ndiye tunampanda sisi watu wa heshima. Aliponiona akaanza kucheka kabla sijamuuliza.

"Shemeji yako nimemfikisha Mamba leo alfajiri," akasema. "Mimi nimebeba magodoro, nimebeba jeneza, nimebeba mbuzi kavaa sweta. Lakini mzee anakaa nyuma yangu, kifuani kafunga boksi la kuku kwa khanga, na mapajani kakumbatia hotpoti! Namwambia, mzee, nipe basi huo wali tufungue kinywa. Ananiambia, endesha polepole, humu kuna watu kumi na moja."

Hotpoti ile naijua. Ni ya harusi ya dada, kubwa, yenye maua mekundu ubavuni, ya pilau ya sikukuu. Salehe alikuwa ameitandika khanga iliyopashwa joto, akayapanga mayai, akaweka khanga nyingine juu na kuacha mfuniko wazi kidogo yapate hewa. Nani anamhamisha kuku aliyeatamia, siku ya kumi, kutoka jua la Same hadi ukungu wa Mamba? Kuku akihamishwa huyakataa mayai yake, hilo hata mtoto analijua. Na bwana mifugo angesikia kwamba kuku ametolewa kwenye ugonjwa akapandishwa milimani, sote tungelala ndani.

Nikampigia simu.

"Shemeji, una akili timamu?"

"Vifaranga wakitotolewa pale Same wanatotolewa makaburini," akasema. "Kwa Fadhila bado wanakufa. Mbwa wanafukua mizoga. Nimeona niwatoe njiani kabla gari halijagongwa."

Hapo alikuwa na hoja. Nikaomba kuongea na Koleta.

Koleta si mtu wa kuchezewa. Alikuwa amemsimamisha Salehe nje ya uwanja wake, akamnawisha kwa sabuni mpaka viwiko, akamvua kanzu na kandambili na kumpa nguo za mume wake, Tumainieli. Kuku wake mwenyewe walikuwa wamechanjwa mwezi uliopita, lakini hata hivyo Abiria alipelekwa kwenye ghala la zamani la tangawizi, mbali, upande wa pili wa migomba. Saa nzima Abiria alizunguka mle ndani akilalamika na kuyapita mayai kama hayajui. Koleta akafunika dirisha kwa gunia, akamfunika na kuku mwenyewe kwa khanga ya Tausi, akamsemesha kwa Kipare maneno ambayo amekataa kunitafsiria. Kulipokuwa giza mle ndani, Abiria akakaa.

"Amekaa," Koleta aliniambia kwenye simu. "Sasa tuombe Mungu. Na huyu mzee anasema haondoki mpaka waanguliwe. Nimempa kazi ya kuosha tangawizi."

Siku kumi na moja zilipita hivyo. Nilikuwa sokoni nauza vitambaa, lakini akili iko ghalani. Usidhani nilikuwa nawaza nyama au mayai ya kukaanga. Wale kumi na moja na Abiria ndio waliokuwa wamebaki wa dada yangu. Jogoo amekufa, makoo wengine wamekufa. Mayai yakiwa viza, basi, ile sauti iliyokuwa uani kwa Tausi kila asubuhi tangu nikiwa kijana haipo tena duniani. Nilikuwa najiambia ule msemo, kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na kila nikiusema najichukia.

Siku ya ishirini na moja, jioni, simu ikaita.

"Shemeji Maua," Salehe akasema, sauti imekauka. "Siku zimetimia. Hakuna kitu. Nimeyaweka sikioni moja moja, kimya. Nimeshachimba shimo."

"Shimo la nini?"

"La kuyafukia. Yasije yakamnukia Koleta ghalani."

"Salehe!" Hata shemeji sikusema. "Usiguse yai hata moja mpaka nifike. Umenisikia? Hata moja!"

Asubuhi nilifunga meza yangu nikampanda Abdulmalik. Kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyoniingia, na karibu na Mamba ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba mpaka tangawizi hazionekani. Nilimkuta shemeji yangu mlangoni mwa ghala, amevaa sweta la Tumainieli lililomfika magotini, vidole vimekuwa rangi ya udongo kwa kuosha tangawizi. Amekonda. Pembeni yake, kweli, kuna shimo, limechimbwa vizuri, kingo zimenyooka, shimo la mtu anayejua kupaki. Nilipoliona moyo uliniuma kuliko nilivyotegemea.

Koleta alikuwa amerudi kutoka shambani aliposikia nimekuja. Ilikuwa wakati wa kuvuna na alikuwa anashinda huko kutwa nzima. Akaketi juu ya gunia, akamgeukia.

"Baba Rashidi, hebu nieleze. Huyu kuku unamtunzaje?"

Salehe akajiweka sawa. Hapo alijua hana kosa. "Namtunza vizuri. Asubuhi saa mbili namshusha, anakula, anakunywa, anaoga majivu. Nampa nusu saa. Jioni saa kumi na moja hivyo hivyo, nusu saa, mara nyingine na dakika kumi juu, maana anapenda majivu. Wakati mwingine natembea naye mpaka kwenye migomba anyooshe miguu."

"Nusu saa mara mbili?"

"Ndiyo. Hata abiria wa Moshi tulikuwa tunawashusha wakale. Mtu hawezi kukaa kwenye kiti kutwa nzima."

Koleta alijipiga paji la uso, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa khanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku kwa vidole.

"Sikiliza, mzee wangu," Koleta akasema. "Kwenu Same kuku akitoka, lile joto la bati linamkalia mayai mpaka arudi. Hata akienda harusini yanamsubiri. Huku akitoka, anayeingia kiotani ni ukungu. Kuku wa huku anashuka mwenyewe, anameza punje mbili, anarudi mbio. Huyu wako wa tambarare hajui, na wewe ndiye unayemchelewesha huko nje, unamzungusha kwenye migomba! Yai likipoa hivyo kila siku linachelewa. Au linakufa. Moja kati ya mawili."

Salehe alikaa chini pale pale kwenye udongo.

"Basi nimeyaua na haya," akasema.

Hakusema kwa kutaka kuhurumiwa. Alisema kama mtu anayesaini karatasi. Na mimi, ambaye wiki mbili zilizopita nililitamka neno hilo hilo kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, nililisikia kinywani mwake nikatamani nilirudishe tumboni.

"Leteni beseni la maji ya uvuguvugu," nikasema.

Hii ni kazi aliyotufundisha mama yetu, mimi na Tausi. Maji unayapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Unayaacha yatulie kabisa, yasiwe na wimbi. Unalikagua yai lisiwe na ufa, unaliweka taratibu, unaondoa mkono. Yai lenye kifaranga hai litaelea, na baada ya muda kidogo litatikisika lenyewe, maji yakiwa yametulia. Lililokufa halitikisiki.

Abiria alikoroma nilipoingiza mkono, akanidonoa mara mbili, nikamshukuru kimoyomoyo kwa kuwa na hasira bado. Nikatoa yai la kwanza, alama ya mkaa imefifia. Nikaliweka majini. Likazama, likalala chini ya beseni.

Salehe akageuza uso.

La pili likaelea, likasimama upande mpana juu. Tukasubiri. Koleta ameshika mdomo. Hakuna. Nilihesabu mpaka ishirini, nikafika thelathini, nikanyoosha mkono kulitoa, na hapo likacheza. Kidogo tu, kama mtu aliyeguswa bega usingizini. Viduara viwili vikatembea juu ya maji mpaka ukingoni mwa beseni.

"Umetikisa wewe," Salehe akasema. Alikuwa amegeuka.

"Mikono yangu hii hapa."

Likacheza tena. Safari hii kwa nguvu, likayumba upande mmoja likarudi. Salehe alipiga magoti mbele ya lile beseni, uso karibu uguse maji, na akawa anapumulia pembeni ili asilisumbue. La tatu likacheza. La nne. La tano lilianza kucheza hata kabla sijaondoa vidole. Tulipomaliza, tisa yalikuwa hai na mawili yamekufa. Nikayafuta moja moja kwa khanga ya dada na kuyarudisha chini ya Abiria, na yale mawili yakaingia kwenye shimo la Salehe, ambalo lilikuwa kubwa mno kwao.

"Sasa hatoki," Koleta akatoa amri. "Chakula na maji anawekewa pua kwa pua. Hakuna kushusha abiria."

Koleta alienda kutupikia makande. Ndani ya mlango wa ghala tulibaki mimi na shemeji, jua linazama upande wa Same, na kule chini tambarare bado kuna mwanga wakati sisi tumeshaingia kwenye kivuli. Moyo ulikuwa umelainika, nikaona nimuulize bila kupiga kelele.

"Shemeji, mwezi wa sita kwa nini hukumpigia bwana mifugo? Ulisahau?"

Aliangalia kule chini tambarare. Nikadhani ndiyo kile kimya chake.

"Sikusahau," akasema. "Kila asubuhi naufungua ule mlango wa jiko. Nawezaje kusahau? Ya mwisho ni tarehe mbili mwezi wa tatu, mkono wake. Chini yake pako wazi." Alisugua vidole vyake vya tangawizi. "Wakija watu na kuku, lazima mtu aandike. Nikiandika mimi, ile yake inakuwa ya zamani. Nilisema nitaandika kesho. Nikasema kesho. Mpaka kuku wakaanza kusinzia."

Dada yangu nilimlilia mwezi wa nne, nikalia arobaini yake, nikadhani mimi ndiye niliyefiwa zaidi kwa sababu nilipiga kelele zaidi. Mwenzangu alikuwa amefiwa kila asubuhi, amesimama mbele ya mlango na sufuria mkononi. Niliona haya, na haya hiyo ilinisaidia.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

Alinitazama. Alikuwa amezihesabu, najua, zile siku zote nilizokaa bila kumwamkia.

"Marahaba, Maua," akasema. "Marahaba sana."

Siku ya ishirini na tatu, tunakunywa chai, Tumainieli akaja mbio kutoka ghalani akisema kuna kelele. Tulikuta yai moja limetoboka tundu la punje ya mchele, na ndani mlio mwembamba, mkali, wenye hasira. Abiria alikuwa anamjibu kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa. Mpaka siku ya ishirini na nne adhuhuri walikuwa wametoka wote tisa, wamelowa na kuchukiza kama watoto wote wachanga, kisha wamekauka na kuwa wazuri. Watatu hawakuwa na manyoya shingoni. Salehe alisimama mlangoni akiwahesabu mmoja mmoja kwa kidole, akakosea, akaanza upya, na mimi nikamwacha, maana machozi yalikuwa yanamdondoka na mtu akiwa analia hesabu haimkai.

Mmoja alikufa siku ya nne. Wanane wakapona. Walichanjwa kule kule Mamba, wakakaa karibu miezi miwili, mpaka Same tulipokuwa tumechoma banda, tumemwaga chokaa kwenye shimo, na Fadhila amenunua makoo wanne wa kuanzia. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja Abdulmalik akawateremsha wote kwenye tenga, na Salehe nyuma yake akimkemea kwenye kila kona.

Tarehe tano mwezi wa kumi na mbili niliisikia sauti ya Salehe tangu mtaa wa juu. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kandambili zake, na vile amezoea stendi, hajui kuongea na mlango mmoja: "Kesho saa kumi na mbili na nusu! Kuku wote! Msifungulie! Tukianza hatusubiri mtu!" Alivuka hadi mtaa wa pili, na wa tatu, maana mtaani kwetu kuku walikuwa wachache na kichupa ni kile kile.

Walikuja. Uwanja ulijaa. Nilipika chai ya tangawizi ya Koleta sufuria mbili, na watu walicheka kama zamani, na bwana mifugo alimaliza kichupa kabla jua halijawa kali. Abiria alikuwa wa kwanza kuwekwa tone, kisha wanawe wanane, na Salehe ndiye aliyewashika.

Walipotawanyika akaja mlangoni kwa jiko na kipande cha mkaa. Akanipa.

"Andika wewe, Maua. Mwandiko wako unafanana na wake."

Nikarudisha mikono nyuma. "Hapana, shemeji. Kuku wako."

Alisimama kidogo. Kisha akainama, maana pale wazi pako usawa wa kiuno, na chini kabisa ya tarehe mbili mwezi wa tatu akaandika tarehe sita mwezi wa kumi na mbili, kwa herufi kubwa zilizopinda. Alipomaliza hakuinuka. Akaandika na nyingine chini yake, ya mwezi wa tatu unaokuja, akaipigia mstari. Nikaingia jikoni kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.